Dobi Aliyesahau Mfuko Mmoja

Mtaani walimwita Amana, na jina hilo hakupewa na mzazi. Alipewa na wateja, kidogo kidogo, kwa miaka ishirini na miwili aliyofua nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Kulikuwa na kaunta ya mbao, mashine mbili za kufulia, meza ndefu ya kupigia pasi, na kamba za kuanikia zilizokatiza ua mzima. Ukimpelekea nguo hakuipokea hivi hivi. Aliitandaza juu ya kaunta mbele ya macho yako, akaugeuza kila mfuko ndani nje, hata ule mdogo wa ndani ya koti ambao wewe mwenyewe ulishasahau kwamba upo. Kilichotoka kilitiwa kwenye bahasha ya kaki, bahasha ikaandikwa namba ya nguo, nawe ukaenda zako ukijua kwamba hata ukisahau roho yako mfukoni utaikuta. Mama yake, aliyefua mashuka ya hospitali maisha yake yote, ndiye aliyemfundisha hivyo: mifuko kwanza, kisha madoa, ndipo maji.

Sasa, mtu anayegeuza mifuko ya mtaa mzima anajua mengi. Amana alijua nani amerudia sigara baada ya kumwapia mkewe, nani anakwenda kwa daktari kimyakimya, nani anatembea na picha ya mtu asiyemhusu. Hakusema. Kwa mambo hayo alikuwa na mdomo mzito, na ndiyo maana biashara yake ilisimama wakati madobi wengine watatu walifunga. Miaka ya karibuni alianza kuzitoa zile karatasi nyembamba za kubeti, mikeka kama wanavyoiita wenyewe, kwenye suruali za kila aina ya watu: makarani, walinzi, hata bwana mmoja aliyeimba kwaya. Alizishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeokota nywele kwenye chakula, akazitia kwenye bahasha, na wakati wa kula akamwambia mkewe kwamba watu wamekwisha.

Sikiliza nikuambie jambo moja kuhusu udobi. Ni kazi ya kungoja. Umeloweka, ngoja. Mashine inazunguka, ngoja. Pasi inapata moto, ngoja. Zamani Amana aliijaza mianya hiyo kwa kupiga mluzi, na mluzi wake ulikuwa mtamu mpaka majirani walifungua madirisha. Halafu mteja mmoja akamwonyesha kwenye simu mchezo wa kindege. Kindege kinapaa, dau lako linapanda nacho, na kazi yako ni kubonyeza kabla hakijatoweka. Basi, ni hilo tu. Raundi moja haimalizi hata dakika. Inaingia sawasawa kati ya kuloweka na kusuuza, na haikuachii karatasi mfukoni. Kwa hiyo Amana hakujihesabu hata siku moja kuwa mcheza kamari. Wacheza kamari walikuwa wale wenye karatasi.

Tena mcheza kamari wa familia alikuwepo na alijulikana. Alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi bomba, mtu wa kifua kikubwa na sauti kubwa kuliko kifua. Huyo aliwahi kuuza spana zake kwa ajili ya mechi moja, kisha akazinunua upya kwa mtu yuleyule kwa bei ya juu. Nguo zake zilifuliwa bure kwa Amana, na mifuko yake ilitoa mikeka kwa mafungu. Kisha ghafla mikeka ikakoma. Miezi mitano mfululizo haikutoka hata mmoja, ilitoka tu kadi ndogo yenye namba ya simu na neno "Alhamisi". Amana akatikisa kichwa. Akamweleza mkewe kwamba kaka yake sasa amekuwa mjanja, amehamia kwa wakala wa siri, na ushahidi ni huo.

Wakaitisha kikao cha familia. Ilikuwa Jumapili mchana, sebuleni kwa Amana, mwenyekiti Amana mwenyewe, shati limenyooka mpaka unaogopa kulikaribia. Aliongea vizuri, lazima niseme ukweli. Alieleza jinsi kamari inavyomla mtu polepole, inavyomfundisha uongo, inavyomtenga na watoto wake hali wamekaa meza moja. Mkewe alilia. Shemeji alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti, hakubisha hata neno. Katikati ya mawaidha mwenyekiti aliomba radhi akaenda chooni. Akarudi, akaendelea. Akaenda tena. Mara ya tatu mkewe alimuuliza kama tumbo linamsumbua, naye akajibu kwamba ni maji tu, amekunywa mengi kwa sababu ya joto. Mwisho wa kikao shemeji alishukuru kwa adabu, akasema yote ameyasikia, akachukua kofia yake akaondoka. Amana akajiona amefanya kazi ya maana.

Jumanne asubuhi akaja Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mama mtu mzima aliyestaafu miaka mingi, lakini hakuna aliyethubutu kumwita jina jingine. Alikuwa amewafundisha nusu ya watu wa mtaa ule, na Amana alikuwa mmojawao, tena aliyekaa dawati la mbele kwa sababu ya utundu. Aliishi peke yake nyumba ya nne kutoka kwa dobi, na kila jioni alifundisha wanawake watu wazima kusoma, barazani kwake, kwa ubao aliouomba shuleni. Alisikia kwa msaada wa kifaa kidogo cha sikioni. Bila hicho, ilibidi umpigie kelele usoni kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Na alikuwa na tabia moja: kichwa kikimuuma alikitoa kifaa, akakitia mfukoni mwa koti lake la sufu, kisha akasahau. Mara tatu Amana alikitoa mfukoni pale pale kauntani akamkabidhi, na mara zote tatu Mwalimu alicheka akampiga kikofi begani.

Siku ile Mwalimu aliweka koti juu ya kaunta. Amana alikuwa upande wa pili, simu ameiegemeza kwenye mkebe wa wanga, kindege kinapanda. Kilikuwa kimepanda juu kuliko siku zote za wiki hiyo. Alinyoosha mkono bila kuinua macho, akalivuta koti, akalisukumia kwenye kapu, akaonyesha vidole kumaanisha Ijumaa. Mwalimu alisimama kidogo, maana alizoea kuona mifuko yake ikigeuzwa. Huenda alifikiri imegeuzwa wakati yeye anatafuta leso. Akaenda zake. Kindege nacho kikaenda zake, na dau la Amana ndani yake.

Alikikuta alasiri, alipokuwa akitoa nguo kwenye mashine. Kilikuwa kimelala chini kabisa, kidude cha ukubwa wa punje ya haragwe, kimepasuka vipande viwili na kamkia chake kamenyofoka. Alikijua kabla ya kukigusa. Akaketi juu ya ndoo ya sabuni, akakaa pale mpaka mashine ya pili ikamaliza na kuanza kulia kuomba ifunguliwe. Miaka ishirini na miwili, mfuko mmoja. Na badala ya kuvaa viatu na kutembea nyumba nne tu, alivifunga vile vipande kwenye kitambaa akavificha kwenye kopo la vifungo.

Kesho yake Mwalimu alikuja mwenyewe, anauliza kwa sauti ya juu kama wanavyofanya watu wasiojisikia. Je, hakukiona? Amana alimtazama machoni akatikisa kichwa. Akasema polepole, ili asome midomo, kwamba mifuko ilikuwa mitupu.

"Kama wewe hukukiona, basi hakikuwamo," Mwalimu akasema.

Hakubisha wala hakuuliza mara ya pili. Baadaye Amana alijiambia kwamba laiti yule mama angebisha kidogo tu, yeye angesema kweli. Mimi siamini, lakini ndivyo alivyojiambia, na mtu akishajiambia jambo mara kumi huanza kuliona lina haki yake.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Atashinda kwenye kindege, atanunua kifaa kingine, atakitumbukiza chini ya kochi la Mwalimu siku atakayokwenda kumsalimu, na dunia itaendelea. Akaacha kucheza kwenye mianya ya kazi, akaanza kufanya kazi kwenye mianya ya mchezo. Alishinda mara mbili, akaona zile pesa bado hazitoshi, akazirudisha. Hela ya sabuni ikafuata. Akaunguza kola ya shati la harusi. Akamkemea mkewe kwa kumuuliza kama ameshakula, akasema amekula na wakati hajala. Kila asubuhi aliapa kwamba leo ndiyo mwisho, na kila alipoapa aliamini kabisa. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote: kwamba hakuwa anajidanganya kwa makusudi.

Ijumaa Mwalimu akaja kuchukua koti. Alikuwa amepungua uso. Alieleza kwamba amepekua nyumba nzima, amemwaga pipa la unga, amekung'uta godoro, hakuna kitu. Mwezi uliopita aliacha birika motoni likakauka. Wiki iliyotangulia jina la mwanafunzi wake mmoja lilimpotea ulimini. Na sasa hili. Amemwandikia binti yake, yule anayeishi mji mwingine na ambaye kwa miaka mitatu amekuwa akimsihi ahamie kwake. Safari hii amekubali. Binti atakuja Jumamosi ya wiki ijayo kumchukua, nyumba itapangishwa, na ule ubao utarudi shuleni.

"Kichwa changu kinaniaga, mwanangu," alisema, akitabasamu kwa namna ambayo ungetamani asitabasamu. "Nashukuru kwamba kuna mtu mmoja ninayejua hawezi kusahau mfuko."

Akambusu mkono, koti kwapani, akatoka. Amana alibaki ameushika ule mkono kwa mkono wake mwingine kana kwamba umeungua.

Wiki ikaenda. Mkewe alianza kununa, anamtazama kwa pembeni kila simu ilipolazwa kifudifudi mezani, naye Amana akajitia hamnazo. Wanawake wa darasa walipita mbele ya nyumba ya dobi kila jioni na madaftari yao, wakiulizana nani atawafundisha, maana ndiyo kwanza wamefika kwenye herufi mbilimbili. Mmoja alileta kanga kufuliwa ili avae siku ya kumuaga Mwalimu. Amana alizigeuza pembe zote za ile kanga kutafuta mfuko, akakumbuka kwamba kanga haina mifuko.

Jumatano alikuja shemeji. Alileta ovaroli zake mbili, lakini hakuziweka juu ya kaunta. Alifunga mlango wa mbele, akageuza kile kibao cha mlangoni upande unaosema "Tumefunga", akaketi juu ya kapu la nguo chafu likalia chini ya uzito wake.

"Shemeji, bomba la choo chako nililifunga mimi," akaanza. "Likitumika linakoroma. Nilikuwa nije kulirekebisha, sikupata nafasi. Siku ya kikao ulikwenda chooni mara tatu. Halikukoroma hata mara moja."

Amana alicheka. Akasema siku hizi watu wanahesabiwa hata haja zao. Akachukua ovaroli, akaanza kugeuza mifuko kwa haraka, na shemeji akamwacha ageuze mpaka mifuko ikaisha.

"Simu ulikwenda nayo," shemeji akaendelea, kwa sauti ndogo ambayo Amana hakujua kwamba mtu huyu anayo. "Ukirudi unakuwa mchangamfu au unakuwa mkali, hakuna katikati. Mluzi umeacha. Dada yangu akipita nyuma yako unageuza kioo. Hayo yote nayajua kwa sababu niliyafanya. Lakini unajua mimi nilijishtukia lini? Si siku niliyouza spana. Siku ile nilijiambia nina hasira tu na mwenye duka la kubeti. Nilijishtukia siku niliyoulizwa nimekula nini, nikasema wali, na nilikuwa nimekula mkate. Uongo wa bure kabisa. Nikajiuliza, sasa huu nao ni wa nini?"

Amana aliiweka ovaroli chini. Alikuwa na maneno tayari, mazuri tu, kama yale ya kikao. Alifungua mdomo ayatoe, na kilichotoka ni kilio. Alilia kifudifudi juu ya meza ya pasi, dobi mzima wa miaka hamsini na moja, na shemeji hakumfariji wala hakumpapasa. Alikwenda kuichomoa pasi kwenye umeme ili asijiunguze, akarudi kukaa juu ya kapu.

Ile kadi ya Alhamisi, kumbe, haikuwa ya wakala yeyote. Ilikuwa ya chumba kimoja nyuma ya kituo cha afya, karibu na stoo ya magodoro, ambako kila Alhamisi saa tisa mchana muuguzi mmoja aliwakutanisha watu walioshindwa kuacha kamari peke yao. Shemeji alikuwa akienda huko miezi mitano. Amana akamuuliza kwa nini basi alikaa kimya siku ya kikao, akasemwa vile mbele ya watu. Shemeji akajikuna shingo. Akasema alitaka kujibu, lakini mwenyekiti aliongea maneno ya kweli tupu, na alikuwa akijisemea mwenyewe bila kujua, naye hakutaka kumkatiza.

Alhamisi wakaenda. Usidhani kulikuwa na miujiza. Kulikuwa na viti vya plastiki tisa, feni isiyozunguka, na watu ambao Amana alifahamu mifuko yao: karani mmoja, mlinzi mmoja, na yule bwana wa kwaya, aliyesogea ili ampishe. Kulikuwa pia na bibi mwenye wajukuu, ambaye mkeka haukuwahi kuonekana kwake, maana naye alikuwa mtu wa simu. Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi wa maneno machache. Aliwauliza maswali ambayo hakudai wajibu kwa sauti. Je, umewahi kucheza ili urudishe ulichopoteza jana? Ukijaribu kuacha unakuwa mkali kwa watu wako? Kuna mtu unamficha? Kuna kitu ulichokipenda ambacho sasa hukifanyi? Amana alihesabu kwa vidole chini ya kiti. Vidole vya mkono mmoja vikaisha.

Muuguzi alimweleza pia mambo ya kawaida ya kufanya: akaunti ya mchezo ifungwe pale pale mbele ya mtu mwingine, simu ibadilishwe iwe ile ya vibonye, laini ya pesa akae nayo mkewe kwa muda, na mianya ya kungoja ipangiwe kazi. Alisema huu ni ugonjwa unaotibika, na kwamba mtu anaweza kuanguka na akarudi, cha muhimu arudi. Amana ameanguka mara moja tangu siku hiyo, mwezi wa pili, na Alhamisi iliyofuata alilisema hilo kabla hajaketi. Lakini siku ya kwanza alisema maneno machache tu. Alisema kuna mtu anahama nyumba yake kwa sababu ya uongo wake, akasimulia habari ya koti. Hakuna aliyemwambia afanye nini, na alichukia sana kwamba hakuna aliyemwambia.

Jioni hiyo alimweleza mkewe. Mke alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hakuna mwanamke, akaambiwa hakuna. Akacheka kwa sauti, kwa sababu kwa miezi sita alikuwa akimtafuta huyo mwanamke kwenye harufu za mashati. Kisha akaacha kucheka, akauliza hela ya sabuni iko wapi, na mazungumzo yale yalikuwa marefu na siyo yangu kuyasimulia.

Jumamosi asubuhi gari la binti lilikuwa limesimama mlangoni kwa Mwalimu. Kochi lilikuwa juu limefungwa kamba, masanduku mawili yako barazani, na wanawake wa darasa wamejaa uani na kanga zao zilizonyooshwa na Amana mwenyewe. Amana alikuja amevaa aproni ya kazi, kitambaa chenye vile vipande mkononi, na barua mfukoni. Barua ilikuwa ya kurasa mbili. Aliiandika Ijumaa nzima, akaisahihisha, akaona ni njia ya heshima: Mwalimu ataisoma garini, taratibu, wala hapatakuwa na haja ya kumpigia mtu mzima kelele mbele ya watu.

Mwalimu aliipokea ile barua. Hakuifungua. Alimtazama Amana usoni, akairudisha kwenye mfuko wa aproni yake, akaugonga mfuko kwa kidole.

"Nimesoma barua za kuomba radhi miaka thelathini na minne," alisema, kwa ile sauti yake ya juu. "Uso huo naujua tangu darasa la nne. Sema."

Amana alitazama uani. Aliona wateja wake kumi na wawili, aliwahesabu bila kutaka. Aliona jirani wa dirishani na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Akamwinamia Mwalimu sikioni, akanong'ona. Mwalimu akatikisa kichwa. Akajaribu kwa sauti ya kawaida. Mwalimu akaweka kiganja nyuma ya sikio. Hapo Amana akaelewa kwamba njia ya kumwambia mtu huyu siri kwa kunong'ona ameivunja mwenyewe, kwa mashine yake mwenyewe. Akajikaza, akavuta pumzi, akapaza sauti yote aliyokuwa nayo.

"Mwalimu, wewe hukusahau kitu. Kifaa kilikuwa mfukoni. Nilikifua mimi. Sikugeuza mfuko kwa sababu nilikuwa nacheza kamari kwenye simu. Nacheza kila siku na nimeshindwa kuacha. Halafu nikakudanganya."

Fundi viatu aliacha kugonga. Mtoto mmoja alianza kuuliza kitu akazibwa mdomo. Amana alifungua kitambaa, vile vipande viwili vikaonekana, na Mwalimu akavitazama bila kuvishika.

"Sema tena," akasema.

Akasema tena, kwa nguvu zaidi, neno kwa neno, jasho linamtiririka mpaka machoni. Mwalimu alikuwa akimtazama midomo, kiganja bado kiko sikioni.

"Tena."

Mara ya tatu sauti ilikuwa imekauka na kukatikakatika, na pale kwenye "nikakudanganya" haikutoka kabisa, akalazimika kuanza upya sentensi. Binti akashuka kwenye ngazi, akamshika mama yake mkono. Akamwambia, karibu kabisa na uso, kwamba inatosha, amwache mtu wa watu, ameshaadhirika.

"Simwadhiri," Mwalimu akasema. Hasira zake zilikuja baadaye, na zilikuja kweli, mpaka alimnyima Amana salamu kwa wiki sita. Ila saa ile hazikuwepo. Alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, mikono imemlegea mapajani, analia na kucheka kwa pamoja, na uso wake ulikuwa wa furaha kiasi kwamba Amana hakuweza kuutazama. "Nilimsikia tangu mara ya kwanza. Nilitaka tu kusikia tena kwamba kichwa changu ni kizima."

Binti akaanza kufungua kamba za kochi. Amana akamfuata Mwalimu alipoketi, akapiga magoti sakafuni ili midomo yake ionekane vizuri, akaanza kusema mara ya nne bila kuombwa.